Ndimu Iliyopita Motoni

Sauti ile ilimkuta Chiriku akipiga pasi.

Ilikuwa sauti ya barafu. Barafu ikigongana ndani ya kopo la chuma, kwanza polepole, kisha kwa kasi, kisha kimya. Chiriku alisimama vilevile, pasi mkononi, mpaka harufu ya kitambaa kinachoungua ilipomzindua. Alipoinyanyua, kola ya gauni ilikuwa imeshageuka rangi ya chai.

Baa ilikuwa chini, vyumba vya kulala juu, na kati yake palikuwa na ngazi ya saruji iliyopinda mara moja. Jua lilikuwa bado kali barabarani na baa imefungwa. Ufunguo wa mlango wa mbele ulikuwa mfukoni mwake. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake, magoti yamemgomea tangu msiba, hata chakula alipelekewa. Na mtu pekee aliyewahi kutikisa kopo kwa mtindo ule, polepole kisha kwa kasi, kama anayembembeleza mtu halafu akaishiwa subira, alikuwa amezikwa mwaka na ushei uliopita.

Hakushuka. Alijifungia mlango, akakaa ukingoni mwa kitanda upande wake, ule mwingine akauacha kama alivyouacha siku zote, akatega sikio mpaka aliposikia mlango wa nyuma ukibishwa.

"Hodi! Shemeji, ni mimi."

Alikuwa Mrefu. Hakuna aliyemwita jina jingine, maana mlango ule wa nyuma aliupita kwa kuinama kila siku, na siku akisahau, paji la uso lilimkumbusha. Yeye na Fundi, marehemu mume wa Chiriku, walijifunza kazi ya kaunta pamoja wakiwa vijana, chini ya bosi mmoja mkali aliyewafanya wakamue ndimu mpaka vidole vikawachubuka. Baadaye Mrefu akaenda kufanya kazi kwenye mahoteli ya mbali. Mazishini hakuwahi. Alikuja miezi kadhaa baadaye kutoa pole, akamkuta Chiriku akifuta kaunta iliyokwisha kuwa safi, anafuta tu. Alimchukulia kitambaa mkononi, akaendelea kufuta yeye. Tangu hapo hakuondoka mjini, akashika kazi ya kaunta.

Chiriku alipomfungulia, Mrefu alimwangalia usoni mara moja, akaweka chini begi lake na kikapu cha ndimu na mkaa.

"Umeona nini?"

"Nikikuambia usicheke."

"Sicheki."

"Kopo la Fundi limetikisika tena."

Wote wawili waligeuka kutazama rafu. Kopo lilikuwa mahali pake, peke yake, katikati ya chupa. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Chiriku mwenyewe alilisugua kila asubuhi mpaka likang'aa kama kioo. Sasa halikung'aa. Lilikuwa na umande kwa nje, kama kitu kilichotoa jasho.

Mrefu aliinama kulitazama kwa karibu.

"Mama anasema nyumba hii ina jini," Chiriku alinong'ona.

"Ni kweli inayo. Nimeipanga mwenyewe pale rafuni, chupa kwa chupa."

Chiriku hakutaka kucheka. Kicheko kilimtoka tu, kifupi, kikamshtua. Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake utotoni kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa akiongea mpaka usingizini. Siku hizi wateja wapya walishangaa mwanamke mkimya namna ile kuitwa jina la ndege mwenye kelele. Kicheko chake mwenyewe alikisikia kama cha mtu aliyepita nje barabarani.

"Leo unaonja," Mrefu akasema, akikunja mikono ya shati. "Uliniahidi. Usiseme kesho."

Kinywaji chenyewe kilikuwa cha zamani, watu wa kazi hiyo wanakiita gimleti: jini, maji ya ndimu, shira ya sukari, barafu, basi. Lakini mtaa mzima ulikijua kwa jina moja tu, Ndimu ya Fundi. Watu walivuka mji kuja kukinywa. Fundi alipokufa, Chiriku alilifuta jina lile kwenye ubao wa vinywaji, na pale lilipokuwa hajaandika kitu. Mrefu alikuwa amemwomba kwa miezi, kwa upole na bila kuchoka: asikirudishe cha zamani, ampe nafasi atengeneze kipya juu ya msingi uleule.

"Nitaanza na chake," alisema sasa, akitoa kopo lake la kazi mfukoni mwa begi. "Nataka ujue nilichobadilisha."

Alikamua ndimu. Akapima jini, akapima shira, akatia barafu, akatikisa. Akachuja kwenye glasi ya mguu mwembamba, akaisukuma mbele yake.

Chiriku alifumba macho, akanywa kidogo.

"Siyo," akasema.

Mrefu hakubisha. Alisuuza kopo, akaanza upya, akakamua ndimu nyingine.

"Siyo. Yake ilikuwa... siyo hii, Mrefu. Shira labda."

Akatengeneza tena. Safari hii alimwonyesha kila kitu kabla ya kukitia, kama daktari anayemwonyesha mgonjwa sindano. Chiriku alionja, akaweka glasi chini taratibu, akatikisa kichwa. Mrefu aliilaza mikono yake mikubwa juu ya kaunta.

"Shemeji," alisema, "mimi na yeye tulifundishwa na mtu mmoja, siku moja, ndimu zilezile. Nimesimama naye bega kwa bega miaka mingi. Ningeweza kukitengeneza nimelala. Zote tatu zilikuwa ndizo."

"Sizo."

"Ndizo."

Chiriku alitazama zile glasi tatu. Ndipo alipoelewa, na kuelewa kwenyewe kulimwingia kama maji ya baridi mgongoni. Kinywaji kilikuwa kilekile. Aliyesahau ni yeye. Kila usiku alilala akijiambia kwamba hata wakiuchukua mwili wa Fundi, wakichukua na nguo wakazigawa, ladha ile atabaki nayo mdomoni mpaka siku yake, kumbe ilikwisha ondoka, na wala haikuaga.

"Nimemsahau," alisema. "Mungu wangu. Nimeanza kumsahau."

Alilia bila sauti, mabega tu. Mrefu hakuzunguka kaunta. Aliusogeza mkono mpaka nusu ya ubao, akauacha pale, kiganja juu, kama kitu alichokiweka kwa atakayekihitaji. Chiriku aliutazama. Hakuushika. Lakini na yeye aliusogeza wake, ukasimama karibu kiasi cha kuhisi joto.

"Shemeji, samahani. Sikutaka..."

"Usiniite shemeji."

"Nikuite nani?"

Macho yao yalikutana, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyejifanya anatafuta kitu rafuni.

"Choma hizo ndimu zako," Chiriku akasema hatimaye, akijifuta kwa ukingo wa mkono. "Nimekuja kuonja, si kulia."

Mrefu aliwasha jiko la mkaa kwenye kizingiti cha uani, akazipasua ndimu katikati, akazilaza juu ya wavu, nyama chini. Zikalia. Moshi mwembamba wenye harufu tamu na chungu uliingia ndani, ukapanda ngazi. Zilipokuwa na rangi ya dhahabu iliyoungua alizikamua zikiwa bado moto. Mahali pa sukari akatia asali. Jini alikuwa ameilaza na mchaichai tangu jana. Mwisho akadondosha chembe ya chumvi, akatikisa. Mkono wake haukubembeleza wala haukuharakisha. Ulikwenda mwendo mmoja, mzito, mpaka mwisho.

Chiriku alionja. Ule ukali wa ndimu unaokaza meno haukuwepo. Umekuwa mzito, umetulia, kama mtu aliyekwisha kasirika akachoka. Moshi ulikuja nyuma yake, kisha asali, kisha mchaichai ukabaki puani baada ya kila kitu kushuka. Hakikumkumbusha mtu yeyote. Alionja tena kutafuta kama kitamkumbusha, hakikumkumbusha.

"Vipi?" Mrefu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Ni..." Aliona aibu, kama aliyecheka msibani. "Ni tamu."

Na hapo ndipo walipokutwa, yeye na glasi midomoni, Mrefu ameinama mpaka nyuso zao zimelingana.

Hodi haikupigwa. Wifi yake, dada wa Fundi, aliingia kwa mlango wa uani na mfuko wa dawa za presha za mama yake, chanuo bado limechomekwa nyweleni. Alikuwa msusi mtaa wa pili, na maneno yake yalikuwa makali kuliko wembe wake.

"Ahaa," alisema. "Kumbe ndiyo maana simu hazipokelewi."

"Dada, tulikuwa kazini," Mrefu akasema, akinyooka.

"Kazini! Kazi gani hiyo ya kuangaliana kwenye mboni? Mimi nikisuka naangalia kichwa, siangalii midomo ya mtu."

"Wifi, punguza sauti. Mama amelala."

"Na aamke! Aamke aone. Kaburi la kaka yangu halijaota hata nyasi, wewe unaonjeshwa!" Akamgeukia Mrefu, na hapo sauti ilimkatika kidogo, maana alimjua tangu ujanani. "Na wewe. Mlikula sahani moja. Ulilala kwetu, mama yetu alikufulia shati. Kweli wahenga hawakukosea, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe."

Mrefu alikubali maneno yale bila kujikinga. Ndipo sauti ilipotoka juu ya ngazi, dhaifu, ya mama mkwe aliyesimama mlangoni kwake bila kuonekana.

"Nani anachoma kitu?"

"Ni Mrefu, Mama," Chiriku alijibu. "Anachoma ndimu. Kwa ajili ya kile kinywaji."

Moshi ulikuwa bado unapanda ngazi.

"Mwanangu hakuchoma ndimu," sauti ikasema. Mlango ukafungwa, taratibu, bila kubamizwa.

Wifi aliweka dawa juu ya kaunta. Ushindi wenyewe haukumfurahisha. Machozi yalikuwa yanamlenga. "Nimeacha kichwa cha mtu nusu," alisema, akatoka alikotokea.

Mrefu alichukua koleo, akaenda uani kuzima jiko. Chiriku alimfuata. Uwanja ulikuwa mdogo, wenye kamba ya nguo, makreti ya chupa tupu na ukuta uliobaki na joto la mchana. Mrefu alifukia makaa kwa majivu, moja moja, kama anayezika.

"Watu wa ile hoteli yangu ya zamani wamepiga simu tena," alisema bila kuinua uso. "Wananitaka niwe mkuu wa kaunta. Wanataka jibu leo."

"Utawaambia nini?"

"Nilitaka kuwaambia hapana. Nilikuwa nangoja uonje."

"Nimeonja."

"Ndiyo. Na umeona kilichotokea."

"Wifi ana mdomo, lakini moyo wake mzuri. Atapoa."

"Simwogopi wifi yako." Sasa aliinua macho. "Namwogopa Fundi. Nikishika kitambaa, nakishika pale alipokishika. Nikifungua jokofu, nahisi amesimama nyuma anangoja nifunge. Nikikuangalia wewe, naona jinsi anavyoniangalia mimi."

"Na mimi pia," alisema Chiriku, polepole. "Kila ukiinama mlangoni, kabla uso haujaonekana, nadhani ni yeye. Kila siku. Kisha ni wewe, nafurahi. Kisha najichukia kwa kufurahi."

"Basi tuko watatu. Nakupenda, sitakuficha, nimekwisha kuchoka kuficha. Lakini siwezi kuishi nyumba ya watu watatu, mmoja asiyezeeka wala asiyekosea."

Chiriku alishika kamba ya nguo kwa kuwa ndicho kitu kilichokuwa karibu. Alitaka kusema, "Baki." Neno lilikuwa fupi, lilikuwa pale pale ulimini.

Ndani ya baa, barafu iligongana ndani ya kopo la chuma.

Polepole. Kisha kwa kasi.

Uso wa Mrefu ulipauka. Alikuwa mbele yake, mikono imejaa majivu. Si yeye aliyetikisa.

"Umesikia?" Chiriku aliuliza.

"Nimesikia," akasema. Mtu mzima yule alimshika mkono, au yeye ndiye aliyemshika, hawakujua. Walisogea mpaka mlangoni. Chiriku alichungulia kwanza. Kisha akamrudisha Mrefu nyuma kwa kiganja kifuani, akaingia peke yake.

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya kreti nyuma ya kaunta, miguu imenyooshwa mbele, macho ameyafumba. Amelikumbatia kopo la Fundi kama mtoto mchanga na analitikisa. Pombe haijawahi kupita kinywani mwake maisha yake yote. Ndani ya kopo palikuwa na barafu tu.

"Mama," Chiriku aliita. "Ni wewe?"

Bibi yule alifumbua macho. Hakushtuka. Alionekana kama aliyeamshwa kabla ya wakati.

"Ulidhani nani?"

"Nilidhani ni yeye."

"Nami ndivyo ninavyodhani. Nikifumba macho."

Chiriku alikaa sakafuni karibu naye. "Umeshukaje na magoti hayo?"

"Kwa makalio. Ngazi moja moja, kama mtoto anayejifunza. Kupanda ndiyo taabu." Alipangusa umande wa kopo kwa kiganja. "Sauti yake imenitoka, mwanangu. Ile ya kuongea. Namkumbuka akiniambia shikamoo, maneno nayasikia, sauti siisikii. Nimeitafuta usiku, mchana, haiji. Lakini hii... Alipokuwa hai nililala mchana pale juu, nikisikia hii najua mwanangu yuko kazini, mzima. Usingizi unanichukua. Basi mkiwa hampo hapa chini, nashuka."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeanza kumsahau niliyemzaa?"

Chiriku aliweka kichwa kwenye paja la mama mkwe. "Mimi ladha imenitoka," alisema. "Leo. Mrefu kanitengenezea ileile, nikamwambia siyo. Kanitengenezea tena, siyo. Kumbe ndiyo."

Mkono mzee ulimshukia kichwani, ukakaa pale. Wakalia pamoja, kila mmoja kwa chake, mama na mkwe, hakuna aliyemnyamazisha mwenziwe.

"Na hiyo aliyochoma?" mama mkwe aliuliza baadaye. "Ikoje?"

"Mama, tuache."

"Sema."

"Ni tamu, Mama."

"Nilijua. Harufu ilipofika juu ilikuwa nzuri. Ndiyo maana nikafunga mlango. Nilikasirika kwamba ni nzuri." Akashusha pumzi ndefu. "Sikiliza. Sitakuambia nenda kwake. Ulimi wangu hauwezi, mimi ni mama. Msinialike kupiga vigelegele. Lakini wewe si kaburi la mwanangu, nikuwekee uzio. Huyo wifi yako nitasema naye mwenyewe. Ila kopo hili nipe. Nalipeleka juu."

Chiriku alilitazama. Kila asubuhi ya msiba wake ilianza na kopo lile. Alihisi vidole vyake vikilitaka.

"Chukua, Mama," akasema.

Kupanda ngazi kulikuwa taabu kweli. Walipumzika kwenye kona, wakacheka kidogo kwa kuwa bibi alidai ngazi zimeongezwa. Chiriku alimlaza, akamfunika miguu, akampa dawa. Alipotoka, kopo lilikuwa juu ya mto, na macho ya mama mkwe yalikuwa yameshaanza kulegea.

Chini, uani palikuwa patupu. Jiko lilikuwa limepoa, limewekwa ukutani. Visu vya Mrefu na kichujio chake havikuwepo, wala begi. Chiriku alisimama katikati ya uwanja ule akihisi jinsi mtu anavyoweza kufiwa na aliye hai.

Lakini jioni ilikuwa imefika, na baa ni baa. Alifungua mlango wa mbele, akashusha viti, akawasha taa za kaunta. Mteja wa kwanza alikuwa mpima ardhi mmoja, mtu wa makamo, aliyepita mji huo kila kazi ilipomleta, na kazi ilikuwa haijamleta muda mrefu. Aliingia na vumbi lake la safari, kofia kisogoni, furaha usoni.

"Jamani Chiriku! Hujambo mama? Nimeota Ndimu ya Fundi njia nzima. Yuko wapi mwenyewe leo?"

Walioujua msiba hawakuuliza. Wasioujua Chiriku aliwajibu "hayupo," akawahudumia bia, wakaenda zao wakidhani katoka kidogo. Neno "alikufa" hakuwahi kulitamka kwa mdomo wake, hata siku ile hospitalini. Walilisema wengine.

Nyuma ya mpima ardhi, kizingitini, Mrefu alikuwa ameinama apite, begi begani. Alikuwa amekuja kuaga, ilionekana machoni. Alisimama.

"Fundi alikufa," Chiriku alisema. "Mwaka jana. Moyo. Tulimzika hapa hapa mjini."

Mpima ardhi alivua kofia. Alikaa, akaiweka kofia juu ya goti. "Poleni," alisema mwisho. "Poleni sana. Sikujua."

"Tumeshapoa. Ile yake haipo tena. Ipo nyingine." Aliinua macho juu ya bega la mteja. "Wale watu wa hoteli umewajibu?"

"Nimewaambia kesho," Mrefu alisema.

"Waambie leo. Weka begi chini kwanza. Tengeneza mbili."

"Mgeni ni mmoja."

"Ya pili yangu."

Mrefu aliweka begi sakafuni. Alizunguka nyuma ya kaunta, akanawa majivu yaliyobaki kwenye kucha, akachukua glasi mbili. Chiriku alivuta kiti upande wa wateja, mahali ambapo katika miaka yote ya baa ile hakuwahi kukaa, akakaa. Kutoka pale kila kitu kilionekana kigeni: chupa, taa, pengo kwenye rafu, na mtu mrefu anayekamua ndimu iliyoungua kwa uangalifu wa mtu aliyeogopa kuivunja.

Alitazama nyuma ya bega la Mrefu, kuhakikisha. Hapakuwa na mtu. Akatazama tena.

Kisha akamtazama yeye, na Mrefu alipoinua uso, alimkuta bado anamtazama.